Konzi ya Maranda ya Jana

Nilipewa ufunguo, koti jeupe na vizimba arobaini,
Entebbe, nyuma ya maabara,
mahali ambapo ziwa husikika lakini halionekani.
"Kazi yako, Zamzam," akasema Daktari Tumuhimbise,
"ni wazaane. Dume mmoja, majike wawili.
Hesabu vitoto. Andika. Usiwape majina."

Nikahesabu.
Kizimba cha nne: saba Jumatatu, watatu Jumanne,
Jumatano mkia mmoja, na mama anajipangusa sharubu.
Cha tisa: hakuna.
Cha kumi na moja: tumbo lilivimba, kisha likanywea
kama mtu aliyeghairi safari.

Sisi Wanubi tunalelewa na fagio.
Mama alisema nyumba chafu hufukuza riziki,
basi nikasafisha. Kila siku ya pili maranda mapya,
sakafu ya waya ikang'aa, dawa ikauma puani.
Nikasugua hata harufu ya mkojo wao ikatoweka,
na kadiri nilivyosugua
ndivyo daftari lilivyozidi kuwa jeupe.

Okware wa zamu ya usiku ndiye aliyenifungua,
kwa Kiswahili chake cha gereji:
"We dada, unahamisha hawa watu kila siku.
Nani atazaa kwa nyumba
yenye kila asubuhi inanuka mgeni?"

Sikumjibu. Nilirudi Kitooro,
chumba kimoja, pazia katikati.
Nyuma ya pazia mama mkwe alikohoa,
ng'ambo ya ukuta redio ya jirani ilisoma bei za mahindi.
Mume wangu alinigusa bega.
Wote wanne, redio ikiwemo,
tukasikiliza kitanda kinavyonyamaza.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa kwa maandishi.
Vizimba ishirini viachwe kama vilivyo.
Ishirini niweke sakafu nzima, isiyo na matundu,
na upande wa taa nizibe kwa kitambaa cheusi.
Nikachana majani makavu ya mgomba,
membamba kama ukindu wa tabaga za mama,
nikayapitisha kwenye mvuke mkali
hadi chumba kikanuka matoke bila matoke.
Na kila nilipobadili maranda
nikaacha konzi moja ya jana pembeni,
chafu, yenye kuwajua.

Walijenga usiku, sikuwaona.
Asubuhi nikakuta bakuli la nyuzi
limesukwa kutokea ndani, limejifunika juu,
na ndani yake kitu chekundu kinapumua,
vitu vyekundu, vinane, vimerundikana kama maharage.
Sikuvigusa. Nilisimama nimebana pumzi
hata jenereta ikawaka nje, na hakuna aliyeshtuka.

Siku ya ishirini na moja, siku ya kuachishwa ziwa:
vya waya, watatu watatu, pengine wawili.
Vya viota, saba, saba, wanane, sita.
Cha thelathini na moja kilikuwa na kila kitu,
majani, giza, konzi yake ya jana,
na mama aliwala wote, mmoja baada ya mwingine.
Nikaandika na hilo.
Daktari alisoma ukurasa huo mara mbili,
akasema huo ndio unaomfanya aamini kurasa nyingine.

Najua wanakokwenda. Sijifanyi sijui.
Ijumaa sanduku huja na sindano zake,
na wale niliowafundisha kulala vizuri
huondoka wakiwa wanono, bila majina.
Okware huwa haji kazini mapema siku hiyo.

Mama mkwe akasafiri Bombo, arusi, juma zima.
Nilifagia, nikapiga deki, nikafua mashuka, mapazia,
nikaanika hata kamba yenyewe ikalemewa.
Foronya moja, iliyonuka usingizi wake na wangu,
nilipoifikia
niliikunja, nikairudisha kitandani.