Mlango wa Stoo

Ubao wa heshima ulijaa mwaka tisini na nane.
Jina la mwisho, Dunstan Chilumba,
lilibanwa ukingoni hadi likakatika,
"Chilu" juu, "mba" chini,
na heshima ya shule yetu ikaishia hapo
kwa kukosa mbao, si kwa kukosa watoto.
Waliofuata tuliwabandika kwa karatasi.
Mchwa wakawasoma kabla ya wazazi.

Mwaka huu mkuu wa shule akaniita:
"Mwalimu Nampota, taaluma ni wewe.
Kuna elfu thelathini na nane
imebaki kwenye fungu la korosho.
Fanya kitu kabla ya mahafali."
Aliitamka ile elfu thelathini na nane
kwa sauti ya mtu anayetoa ng'ombe.

Fundi Ausi, pale nyuma ya soko la Newala,
akapima hewa kwa mikono miwili:
mninga, msasa, vanishi, herufi za dhahabu,
laki mbili na nusu.
"Lakini kwa kuwa ni shule, toa laki mbili na arobaini."
Nikamshukuru kwa punguzo, nikapanda baiskeli.

Kikao cha walimu kilichukua saa mbili na chai kavu.
Mmoja akasema, tuyafute ya zamani,
nani anamkumbuka mshindi wa sabini na sita?
Tukatazamana.
Mshindi wa sabini na sita ni Bi Zamda
anayetuuzia mihogo getini,
wa kwanza kwa hesabu wilaya nzima,
na hadi leo hajawahi kukosea chenji.

Basi nikamwita mlinzi, tuushushe tuupime.
Misumari minne, kiota cha nyigu,
mjusi aliyepoteza mkia na makazi kwa mpigo mmoja.
Tukaugeuza.
Nyuma kulikuwa na bawaba mbili, tundu la kitasa,
na rangi nyekundu iliyochuja:
STOO. MAJEMBE 40. USIINGIE BILA RUHUSA.

Kumbe miaka yote hiyo
tumekuwa tukiupigia makofi mlango.

Upande mzima, mtupu, wa bure.
Ila ukiugeuza, wa zamani watatazama ukuta.
Nililala na hilo siku mbili.
Ya tatu, mteremko wa Kitangari,
mnyororo wa baiskeli ukakatika.
Nikauinua, ukaning'inia kidoleni,
ukajizungusha taratibu,
mbele, nyuma, tena mbele.
Nilicheka peke yangu, mikono imejaa grisi.

Sasa ubao unaning'inia katikati ya korido.
Upepo wa mlimani ukipita
Dunstan anageuka, anampisha Rukia Nandonde.

Majina mapya ameyaandika Somoe wa kidato cha pili.
Mwandiko wake unazishinda alama zake;
alisema mwenyewe, brashi mdomoni.
Na kuna mistari ambayo zamani haikuwapo:
aliyepanda kutoka bondeni kila asubuhi, hakuchelewa;
aliyechota maji ya choo bila kutumwa;
aliyerudi darasani baada ya kujifungua.
Huo wa mwisho, mjumbe mmoja wa bodi aliusoma akakohoa.
Rangi ilikuwa imeshakauka.

Hesabu, kwa kumbukumbu:
rangi nyeupe na nyeusi, elfu kumi na nane.
Msasa na brashi, kumi na moja na mia tano.
Fundi Ausi, kutoboa matundu mawili, elfu tano, risiti hana.
Mlinzi, maandazi, elfu mbili.
Minyororo, sifuri: mmoja wangu, mwingine wa mkuu,
ambaye hadi leo anautafuta.
Salio, elfu moja na mia tano.

Nikampeleka Somoe getini kula mihogo.
Bi Zamda alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.
"Leo nimeelekea wapi?"
Nikachungulia koridoni.
"Huku huku getini, mama."
"Basi," akasema, akiirudisha noti yangu ya elfu,
"muongeze mtoto kipande."