Kupanda Mara ya Pili

Ile mbegu ya Desemba, Bwana, habari zake unazo.
Ilichipua siku nne, jua la Handali likaila.
Sikukulaumu. Labda kidogo, usiku,
nilipokung'uta debe.
Debe tupu huvuma, wanasema. Langu lilinyamaza.

Kwenye mkesha mwinjilisti Ndahani alifupisha,
taa ya sola ilikuwa inakata roho.
"Mwaka mpya," alisema, "hauji na shamba jipya.
Udongo ni uleule. Mungu ni yuleyule."
Tukacheka, tukapiga magoti,
saa sita ikatukuta hapo chini.

Asubuhi Mama Lechipya akabisha hodi,
kibaba cha uwele kwenye pindo la khanga.
"Utarudisha siku ya kuvuna."
Hakusema ukivuna. Alisema siku ya kuvuna.
Nikakaa na neno hilo mpaka chai ikapoa.

Leo tarehe mbili. Mawingu yako upande wa Mpwapwa,
hayajaamua.
Mimi nimeamua.
Jembe linafungua shimo, punje tano, sita,
nafukia kwa kisigino, nasogea.
Mistari imepinda; mgongo huu unaujua, utanisamehe.

Wengine wameandika malengo kwenye daftari.
Mimi nina nusu eka hii ya kichanga,
na kila nikiinama nakuita,
na kila nikifukia nasema amina,
amina ya kisigino, isiyopanda hata kooni,
wanayoisikia mchwa
na Wewe.