Gati la Mama Numbi

Mama Numbi aliniambia: nataka gati.
Nikamwuliza: mtumbwi uko wapi?
Akacheka, akafuta mikono kwenye kitenge.
Mtumbwi, fundi, ni habari ya siku nyingine.

Ziwa lenyewe lilikuwa shimo.
Hapa, barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi,
marehemu mume wake alichimba udongo wa kichuguu,
akafyatua matofali, akayachoma, akapandisha nyumba,
vyumba vitano na baraza.
Mvua za Januari zikaja kukalia pengo.
Nyumba na ziwa ni mapacha, anasema Mama Numbi,
kilichotoka huku ndicho kilichosimama kule,
nami jina langu ni la pacha, mambo haya nayajua.

Nilileta nguzo nane za mubanga,
mti ambao mchwa huuonja mara moja
kisha huenda kumtafuta jirani.
Chola, mjukuu wangu, aliingia majini hadi kifuani,
akaikumbatia nguzo kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani,
nami juu ya pipa nikapiga nyundo:
shuka,
shuka,
shuka,
hadi tope likakataa.
Tope likikataa ndipo unaweza kuliamini.

Hayo nilijifunza chini ya ardhi.
Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa magogo,
kusimamisha miti gizani
ili mlima usikae juu ya watu.
Unagonga gogo, unasikiliza.
Likijibu kwa sauti nene, pita.
Likijibu kama mtu mwenye mafua, toka,
usichukue hata kopo lako la chakula.
Kapempe alirudia kopo lake.

Siku ya tatu tulipigilia mbao.
Niliacha upenyo wa kidole kati ya ubao na ubao:
mbao ni kama wakwe, zikibanana zinavimba.
Misumari ikapungua. Nikang'oa ya zamani
kwenye kasha lililokuja na pampu,
nikainyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja.
Ubao wa saba umepinda. Mimi naujua.
Wewe ukipita hutaujua.

Saa tisa mchana Mama Numbi akaleta kiti,
kimoja, cha plastiki, mguu umeungwa kwa waya,
akakiweka mwisho kabisa.
Nikadhani ni chake.
Kaa, fundi. Kama ni bovu, lianze na wewe.

Nikakaa.
Kwenye nyufa maji yalipita na vipande vya mbingu.
Miaka ile yote nilishikilia kitu juu ya vichwa,
sikuzoea kukishikilia chini ya miguu.
Mkono wangu ukashuka wenyewe, haukuniuliza,
ukagonga ubao mara mbili.

Chola akapaza sauti kutoka majini:
Babu, linasemaje?

Nyamaza kwanza, nikamwambia.
Bado linaongea.