Saa za Sinaw

Fomu ya chuo inataka saa mia mbili
za kukaa na wanyama,
kwa wino mweusi, na saini ya mwenye leseni.
Mimi nilikuwa na paka mmoja tu,
naye wa jirani.

Basi Juni, wenzangu wakikimbilia manyunyu ya Salala,
baba alinishusha Sinaw, mlangoni pa Daktari Mutasim,
na godoro, na chupa ya mafuta ya nazi aliyonifungia bibi,
bibi ambaye mpaka leo halijamwingia:
"Miaka kumi na miwili ya skuli, Zuweina,
ili ukazoe mavi ya mbuzi?"

Nilizoa.
Siku tisa sikumgusa mnyama ila kwa ufagio.
Rafiqul wa zizini alinifundisha kwa mikono,
maana Kiarabu chake ni kifupi
na Kibangla changu hakipo:
mbuzi humshiki pembe, unampokea taya.
Ngamia hana upande wa salama, usijidanganye.
Weka sikio hapa, ubavu wa kushoto.
Likinguruma, mwache ale.
Likinyamaza, kimbia.

Saa sita za bibi ni kumi na mbili za fomu;
kwa vyovyote bati la paa hulia ta, ta,
na mbwa wa kliniki huhama na kivuli
hatua kwa hatua, kama mdaiwa.
Usiku nahesabu.
Kuosha ndoo, je, ni saa?
Kumpungia nzi punda mwenye donda la tandiko?
Na nikilala ubavuni mwa kondoo yatima
kwa kuwa ananyonya kidole changu na hataki kukiachia,
niandike saa nane, au niandike nimelala?

Jumatano, mkesha wa soko,
daktari yuko Mudhaibi kwa ngamia aliyevunjika,
na mbuzi mwekundu anasukuma tangu magharibi, hakuna kitu.
Rafiqul alitazama mikono yake, mipana, imepasuka,
kisha akatazama wangu.
"Mdogo," alisema. Ndiyo Kiarabu chote.

Sabuni. Iodini mpaka kiwikoni.
Mle ndani mna joto kuliko Julai.
Kwato moja. Kwato ya pili.
Kichwa hakuna.
Kwenye simu daktari anasema kitafute, kimegeukia nyuma,
na mimi nakitafuta kama mtu atafutaye swichi
katika nyumba ya watu, usiku,
huku ukuta unambana mkono.
Jicho. Pua. Jino.
Akisukuma, vuta. Akipumzika, nawe pumzika.

Akatoka mzima wa umbo, mfu.
Nililia, sifichi,
nimempakata, namsugua kwa gunia bure,
na nyuma yangu, bila mkono wa mtu,
pacha wake akaanguka mwenyewe kwenye nyasi
akapiga chafya.

Sasa ni Agosti. Saa mia mbili na kumi na mbili.
Daktari ametia saini na muhuri, umekaa upogo.
Chini yake nimepiga mstari wangu kwa rula
nikampelekea Rafiqul kalamu.
Aliifuta mikono mara mbili, akaitazama karatasi
kama anavyomtazama ngamia mgeni.
Karatasi ya mwisho kuwekewa na mtu mbele yake
ilikuwa mkataba.
"Hii inafunga miaka mingapi?"
"Mitano au sita," nikamwambia. "Lakini ni mimi."

Aliandika polepole, herufi za kwao,
zimening'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa.
Huenda chuo kikairudisha.
Bibi kapiga simu, hakuuliza fomu;
anataka kujua yule mwekundu maziwa yanatoka?
Yanatoka, bibi.
Nakata, kuna ndoo mbili hazijaoshwa.