Feni ya Ukumbi wa Tononoka

Mimi niliitiwa feni.
Ilikuwa ikilia, walisema, kama mtoto asiyetaka kuogeshwa,
na mazoezi yalikuwa usiku ule ule, baada ya isha,
katika ukumbi wa shule unaonuka chaki na jasho.

Nimo juu ya ngazi, bisibisi mdomoni,
wakaanza kuingia: fidla saba, selo mbili,
kanuni iliyofunikwa shuka la maua,
kijana wa jeshi la majini na tarumbeta lake,
Mzee D'Souza akiipangusa klarineti kwa tai.

Mwisho, polepole, ameshikwa kiwiko,
Maalim Shekuwe Badi.
Miaka themanini na mitatu. Kanzu, na juu yake
koti la zamani la karani wa forodha,
na mikono, jamani, mikono ile
ikitetemeka hata kahawa alinyweshwa.

Watoto dirishani wakaulizana, "Nani huyu?"
"Kondakta."
"Wa basi gani?"
Hakugeuka. "La kwenda kwa mamako,
na nauli imepanda."

Kisha akatoa kijiti mfukoni.
Si cha pembe, si cha fedha:
kijiti cha mshikaki, kimeoshwa, ncha imevunjwa.
Akakiinua
na mkono ukatulia.

Naapa. Mimi ni mtu wa waya,
naujua umeme unapokatika na unaporudi.
Ule ulirudi.

Walipiga mapigo kama kumi na mawili. "Tena."
Mapigo tisa. "Tena. Wewe, Mwinyifaki, wapasua kuni?
Fidla ni mgonjwa aliyelala. Mwamshe kwa jina lake."
Mapigo manne.
"Selo, mwaingia kama wenye deni.
Ingieni kama wenye nyumba."
Pigo moja, nalo halikwisha.
"Kuna kimya kilo mbele ya sauti. Hicho ndicho nitakacho.
Nyinyi mwakiruka kama mtaro wa maji machafu."

Saa nzima hivyo. Nilikwisha kukaza skrubu,
nilikwisha kupaka grisi, na bado nimekaa juu
kama paka aliyesahau njia ya kushuka.

Hatimaye nikateremka kurudisha umeme wa feni.
Sanduku la fyuzi lilikuwa limeandikwa na mtu mvivu.
Nikavuta kishikio, ukumbi mzima ukafa.

Nilingoja matusi.

Hawakuacha.
Gizani, bila kijiti cha kutazama,
nilisikia pumzi ya mzee ikivutwa puani, ndefu,
na watu ishirini wakaivuta pamoja naye,
kisha kile kimya.
Nikakitambua. Kiliwahi kukaa chumbani kwetu
siku baba alipovuta kiti karibu nami
akitaka kusema jambo, asiliseme.
Halafu fidla ziliingia, bila hodi.

Mimi si mtu wa kulilia muziki.
Niliegemea ukuta tu, kishikio mkononi,
wala sikukirudisha, hadi walipofika mwisho,
mara ya kwanza usiku ule.

Taa zilipowaka walipepesa macho
kama abiria walioshushwa bandari wasiyoijua.
D'Souza sasa alikuwa akipangusa miwani.
Kijiti kilikuwa sakafuni.
Binti wa selo alikiokota, akakitia mfukoni mwa Maalim,
akamfunga kifungo cha koti, maana vidole
vilishaanza tena safari yao.

"Nani kawasha?" akauliza, kwa hasira.
Nikanyosha mkono kama mwanafunzi.

Akanitazama. Akainua uso, akaitazama feni
ikizunguka taratibu, kimya, nyororo,
kazi yangu safi ya shilingi mia nane.

"Hailii tena?"
"Hailii, Maalim."

Akafikiri kidogo.
"Ilikuwa chini kwa nusu sauti tu," akasema. "Hasara.
Ningeipatia nafasi nyuma ya selo."