Salamu za Mwisho wa Barua

Barua ya Evodia ilifika Nguruka kwa treni ya usiku,
ndani ya mfuko wa asali ya Urambo, inanata pembeni.
Habari zenyewe mistari minne:
nimepona, mvua haba, mtoto ameota meno,
zile hela za bati nitaleta tukiuza tumbaku.
Kisha salamu. Kurasa mbili na nusu za salamu.

Mwinjilisti Zebedayo akaanza kukunja karatasi:
"Na wengineo wote anawasalimu."
Bitungwa akapiga benchi kwa kiganja.
"Mimi si wengineo.
Nimevuka Malagarasi na goti hili. Nisome."

Akamsoma.
*Msalimieni Bitungwa, aliyenifunika kitenge nilipotoka majini
natetemeka, na hajakidai hadi leo.*
"Kumbe anacho yeye!"
*Msalimieni Gwimo na mkewe. Sebule yao ndiyo ilikuwa kanisa;
nikisali huku bado nasikia harufu ya dagaa wao.*

Kila aliyetajwa alisimama,
jirani akampokea kwa mikono miwili,
makofi ya taratibu, ya Kiha, amahoro, amahoro,
hata watoto wakaanza kungoja majina yao.

*Msalimieni Ntibakunze.*
Hapo sauti ya Zebedayo ikakwama.

Alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje,
kama alivyokaa tangu kesi ya baiskeli.
Miezi minane hakuna aliyempa mkono.
Jina hilo baba yake alimpa kuwasema majirani:
*hawapendi*. Tukalitimiza.

Evodia yuko mbali, labda hajasikia.
Au amesikia, maana ameandika hivi:
*Mkono hautoshi. Mkumbatieni kwa niaba yangu.
Tulipalilia naye mstari mmoja, mvua ikitunyea.*

Kimya. Kuku akapita katikati ya kanisa
bila haraka.
Hakuna aliyenitazama, na wote walikuwa wananitazama:
baiskeli ilikuwa yangu.

Nikaenda.
Shati lake lilinuka moshi wa mkaa,
mbavu zake zilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.
Sikumsamehe palepale, sitawadanganya.
Mikono ilikuwa ya Evodia,
mimi nilimwazima tu.
Lakini aliponiachia, mimi nilikuwa bado nimeshika.

Zebedayo akakohoa, akatafuta mstari wake.
*Msalimieni na yule kijana wa ng'ambo ya reli,
jina limenitoka,
yule anayecheka kabla hadithi haijaisha.*

Wakasimama watatu.