Mzigo Hai

Shirika la ndege liliniruhusu kilo ishirini na tatu.
Mama alilipima begi mara tatu kwenye mizani ya muuza mchele,
akatoa kinu kidogo, akabakiza achari.
Miaka miwili baadaye, hapa Sheffield,
nimeongeza kilo kumi na nne
na hakuna aliyenitoza faini.

Sijui ziliingia lini.
Labda ile wiki ya kuwasilisha michoro,
nilipokula biskuti badala ya kulala.
Labda zamu za usiku ghalani Attercliffe,
ambako mashine ya chokoleti ndiyo pekee
iliyoniwakia taa.
Labda chipsi za saa saba usiku:
kidole kimechanjwa na wembe wa kukatia kadibodi,
siki inaingia jerahani, nami naendelea kula.

Dokta Hollingworth anafundisha:
mzigo mfu ni jengo lenyewe, ukuta, paa, zege;
mzigo hai ni kile kinachoingia na kutoka,
watu, meza, theluji, karamu.
Boriti haiulizi mzigo umetoka wapi.
Huinama kidogo, basi.
Nikaandika pembeni: na mimi?

Jengo letu lina lifti isiyo na mlango wala kituo,
vyumba vinapanda na kushuka
kama tasbihi mkononi mwa mtu asiyemaliza dua.
Unaidandia. Studio yetu iko ghorofa ya kumi na nne.
Januari niliipa mgongo, nikashika ngazi.
Siku ya kwanza nilifika ya tano,
nikakaa kitako kando ya mtungi wa kuzimia moto,
nikajifanya nasoma ujumbe.
Sioned, ninayepanga naye nyumba, alinipita akishuka.
Hakusema kitu.
Kesho yake alikuwa pale pale, ya tano, na chupa ya maji.

Ratiba yangu ni chumba kimoja:
ukiingiza kitanda, meza inatoka.
Kwa hiyo naiba.
Nashuka basi vituo viwili kabla,
napanda Conduit Road na begi mgongoni,
mapafu yakinitukana.
Jumapili napika dengu za siku tano,
nabandika majina: Jumatatu, Jumanne…
Jumatano nazichukia.
Alhamisi saa nne asubuhi nimekwisha kula ya Ijumaa.

Usiku mmoja, gundi ikikauka,
niliandika kwenye karatasi ya kunakilia:

*Asubuhi ni darasa, jioni niko kazini,
Usiku ndio mkasa, kadibodi mapajani,
Natafuta mwanya sasa, wa kula pasi huzuni,
Mizani nimeisusa, yanipima kitu gani?*

Mizani ya ubeti ilikuwa sawa, nane kwa nane.
Ya bafuni ikasema themanini na tatu na nusu.

"Umekonda," Mama alisema kwenye simu,
akaisogeza uso kama anayechungulia tundu la mlango.
"Nani kakuudhi?"
Lugha yetu haina neno la upole kwa jambo hili.
Kukonda ni homa, ni deni, ni mume mbaya.
Kunenepa ni kunawiri, ni mshahara.
Na kinachopungua ni unga, ni maji ya kisima.
Nikasema, "Nimejipunguza mwenyewe."
Akanyamaza. Nilisikia feni yake ikizunguka Tanga.
"Lakini unakula?"
Nikageuza simu, nikamwonyesha sufuria ya dengu.
Alitazama muda mrefu.
"Hazina nazi," akasema.

Leo ni Machi. Kilo nne tu.
Nimefanya hesabu: ni kile kinu
alichokitoa begini siku ile,
kipo jikoni kwake, kinatwanga bila mimi.

Ghorofa ya kumi na moja kuna dirisha.
Hapo nasimama; si kwamba nimechoka,
au nimechoka, haidhuru.
Mji umelowa, vilima vyake vimejaa nyumba
na hakuna anayevitaka vipungue.
Darasa limeanza dakika mbili zilizopita.
Bado ghorofa tatu.
Moyo unagonga kama mpangaji wa chini
anayetaka kujua ni nani huyo anayetembea huku juu.